Uhakiki wa Dhana ya "Mvunjiko Uliopuuzwa" katika Maandishi ya Tiba ya Pingili za Juu za Shingo

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna maandishi ya upasuaji wa mifupa na neva yanavyowaeleza wagonjwa wenye mivunjiko ya pingili mbili za juu za shingo ambayo haikutibiwa kwa wakati. Hoja kuu ni kwamba maandishi hayo yamekusanya hali zisizofanana chini ya jina moja, yaani "kupuuzwa", kisha yakaufanya muda uliopita tangu ajali kuwa kigezo kikuu cha tiba. Uhakiki unaonyesha kuwa muda una uzito wake, hasa katika uchaguzi wa aina ya upasuaji, lakini peke yake hauwezi kuamua nani apasuliwe, nani afungwe kola na nani aangaliwe tu. Mwishoni yanapendekezwa maswali manne ya kuongoza uamuzi na istilahi nne za Kiswahili za kuandikia hali hizo katika jalada la mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au kutupwa na pikipiki, akainuka akitembea mwenyewe huku akilalamikia maumivu ya shingo, huweza kukaa wiki nyingi kabla ya kugundulika kuwa mfupa wa shingo yake umevunjika. Atakapofika katika hospitali yenye vifaa vya uchunguzi, tatizo lake huandikwa kwa neno linalopatikana sana katika majarida ya kitabibu: mvunjiko uliopuuzwa. Neno hili linaonekana kuwa la kawaida, lakini limebeba hukumu. Linadokeza kwamba yupo aliyepuuza, na mara nyingi msomaji huachwa adhani kuwa ni mgonjwa mwenyewe.

Suala hili si la lugha pekee. Jina linalotolewa kwa hali ya mgonjwa huongoza mkono wa daktari. Anayeamini kwamba kila mvunjiko wa zamani ni kazi iliyoachwa nusu atataka kuimaliza kwa upasuaji, na anayeamini kwamba wakati umekwishapita atamrudisha mgonjwa nyumbani na dawa za maumivu. Pande zote mbili zinaweza kumpoteza mtu ambaye angeweza kusaidiwa.

Uhakiki huu unaangalia maandishi yaliyojenga uelewa wa tatizo hili tangu mwaka 1910, kwa kuzingatia mambo matatu: matumizi ya muda kama kigezo, aina ya wagonjwa wanaohesabiwa, na lengo linalotumiwa kupima mafanikio ya tiba. Mkazo umewekwa kwenye mvunjiko wa jino la pingili ya pili, kwa sababu ndio unaoleta mgogoro mkubwa zaidi unapochelewa.

2.0 Usuli: Kwa Nini Mvunjiko wa Shingo ya Juu Hujificha

Pingili ya kwanza ya shingo, yaani atlasi, ina umbo la pete na hubeba fuvu. Pingili ya pili, yaani aksisi, ina mfupa uliosimama kama jino ambao huingia ndani ya pete hiyo, na atlasi huzunguka kwenye jino hilo. Takribani nusu ya mzunguko wote wa shingo hutoka katika kiungo hiki kimoja. Nyuma ya jino hupita ugwe mgongo, yaani shina la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo, likiwa na njia za kupumulia, za mikono na za miguu.

Steel, mwaka 1968, alieleza nafasi iliyomo ndani ya pete ya atlasi kwa kanuni ya theluthi: theluthi moja ni jino, theluthi moja ni ugwe, na theluthi inayobaki ni nafasi huru. Nafasi hiyo huru inaeleza mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza, inaeleza kwa nini mtu anaweza kuvunjika jino la aksisi na bado akatembea: mfupa umesogea, lakini ugwe haujaguswa. Pili, inaeleza kwa nini mtu huyohuyo anaweza kudhoofika baada ya miezi au miaka: kila mara kichwa kinapoinama, pete na kipande cha jino husogea pamoja, nafasi huru hupungua, na ugwe huanza kubanwa kidogo kidogo.

Mivunjiko mingine ya eneo hili haina tabia hiyo kwa kiwango kilekile. Jefferson, katika makala yake ya mwaka 1920 kuhusu mvunjiko wa atlasi, alitoa taarifa za wagonjwa wanne pamoja na mapitio ya waliokwisha kuandikwa. Katika mvunjiko unaoitwa kwa jina lake, vipande vya pete hutawanyika kwenda nje, hivyo njia ya ugwe hupanuka badala ya kubana. Vivyo hivyo, mvunjiko wa pande mbili za upinde wa aksisi, unaojulikana kama mvunjiko wa kunyongwa, hupanua njia ya ugwe, na ile isiyosogea sana huunga kwa kola tu. Kwa hiyo kusema "mivunjiko iliyopuuzwa ya shingo ya juu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja ni kuanza na kosa. Mvunjiko wa atlasi uliochelewa kwa kawaida huacha maumivu na shingo iliyopinda au kukakamaa, ilhali mvunjiko wa jino uliochelewa unaweza kuondoa nguvu za miguu, mikono na hata pumzi.

3.0 Njia Nne Zinazofunikwa na Neno Moja

Ukisoma kwa makini maelezo ya wagonjwa katika maandishi haya, utakuta kwamba walifika kwenye hali ya kuitwa "waliopuuzwa" kwa njia nne tofauti.

Njia ya kwanza ni ya mvunjiko usiotambuliwa. Mgonjwa alifika hospitali mapema, akapigwa picha ya eksirei ambayo haikuonyesha jino vizuri, au hakupigwa kabisa kwa kuwa jeraha jingine, kama mguu uliovunjika, lilivuta usikivu wote. Hapa mgonjwa hakupuuza chochote.

Njia ya pili ni ya mgonjwa aliyechelewa kufika. Huyu alianza kwa kupumzika nyumbani, pengine akakandwa shingo au kuvutwa na mganga wa mifupa, kisha akapanda ngazi za rufaa kuanzia zahanati. Umbali, nauli na gharama ya kipimo ni sehemu ya ucheleweshaji wake. Kukandwa au kuvutwa shingo yenye mvunjiko usioimara ni hatari kubwa, na elimu juu ya jambo hilo ni wajibu wa mfumo wa afya.

Njia ya tatu ni ya mvunjiko uliotambuliwa lakini haukutibiwa. Ugonjwa ulijulikana, ushauri ukatolewa, ila tiba haikufanyika kwa sababu ya kukosekana kwa kifaa, fedha, mtaalamu au ridhaa ya mgonjwa.

Njia ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi: mvunjiko uliotibiwa ila haukuunga. Anderson na D'Alonzo (1974), ambao uainishaji wao wa aina tatu za mvunjiko wa jino unatumika hadi leo, walifuatilia wagonjwa 49. Katika aina ya pili, yaani mvunjiko kwenye shina la jino, asilimia 36 ya waliotibiwa bila upasuaji hawakuunga. Watu hao hawakupuuzwa. Walikuwa mikononi mwa madaktari na mfupa haukuunga. Kwa hiyo mtafiti anayemkuta mgonjwa mwenye jino lisilounga, kisha akahitimisha kuwa hiyo ni athari ya kutotibiwa, anachukua matokeo yanayoweza kutokea hata kwa aliyetibiwa na kuyafanya ushahidi wa uzembe.

Njia hizi nne zinahitaji masuluhisho manne. Ya kwanza hurekebishwa na uchunguzi bora siku ya ajali. Ya pili, na usafiri, gharama na elimu. Ya tatu, na vifaa na wataalamu. Ya nne, na ufuatiliaji baada ya tiba. Takwimu inayozichanganya haiwezi kumwambia mpangaji wa huduma atumie fedha wapi.

4.0 Uhakiki wa Ushahidi

4.1 Kalenda kama kigezo

Mpaka wa muda unaotenganisha mvunjiko mpya na wa zamani haufanani katika maandishi. Baadhi ya waandishi huuweka kwenye wiki tatu, wengine huhesabu kwa miezi. Tofauti hii inatosha kufanya matokeo ya makala mbili yasilinganishwe, lakini tatizo la msingi ni jingine: mpaka wenyewe unadhani kwamba mifupa yote huzeeka kwa mwendo mmoja.

Ni haki kukiri kwamba muda una athari ya kweli. Ushahidi wake mzuri unatoka kwa Apfelbaum na wenzake (2000), waliochunguza wagonjwa 147 waliowekewa skrubu kwenye jino kupitia mbele ya shingo. Kwa waliofanyiwa upasuaji ndani ya miezi sita, asilimia 88 waliunga. Kwa mivunjiko ya miezi 18 au zaidi, asilimia 25 tu. Sababu inaeleweka: kingo za mvunjiko wa zamani hukakamaa, tishu laini hujaa katikati, na skrubu hushikilia vipande viwili ambavyo havina tena hamu ya kuungana.

Hata hivyo, matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa mipaka yake. Wagonjwa wa mivunjiko ya zamani walikuwa 18 pekee dhidi ya 129 wa mivunjiko mipya. Kati ya miezi sita na miezi 18 hakuna aliyehesabiwa, na huenda baadhi ya wanaochelewa katika nchi zenye ngazi ndefu za rufaa wangeangukia katika pengo hilo. Lililo muhimu zaidi, utafiti ulipima mbinu moja. Ulithibitisha kuwa skrubu ya mbele haifai kwa mvunjiko mkongwe. Haukuthibitisha kuwa mvunjiko mkongwe hautibiki. Anayenukuu takwimu hii ili kumkatia tamaa mgonjwa ameitoa nje ya mahali pake.

Historia yenyewe inapinga hukumu hiyo. Mixter na Osgood walipoandika mwaka 1910 kuhusu kufunga atlasi na aksisi kwa uzi wa hariri, mgonjwa wao alikuwa na jino lililovunjika na kutounga. Yaani upasuaji wa kuimarisha kiungo hiki ulianza kwa mgonjwa wa aina hii hii ambayo leo huitwa iliyochelewa. Mbinu zilizofuata, kuanzia waya wa Gallie (1939), wa Brooks na Jenkins (1978), skrubu za Magerl zinazopita katikati ya kiungo, hadi bamba na skrubu za Goel na Laheri (1994) na fito za Harms na Melcher (2001), zote hutazama kiungo kutoka nyuma. Haziulizi kama jino bado linaweza kuunga. Zinaunganisha pingili mbili na kuliacha jino lilivyo.

4.2 Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Makala nyingi kuhusu mivunjiko hii iliyochelewa ni taarifa za wagonjwa wachache waliokusanywa na hospitali moja ya rufaa. Waliohesabiwa ni wale waliofika. Waliokufa njiani au nyumbani kwa kukosa pumzi hawamo. Waliounga kimyakimya, wakarudi shambani bila kurudi hospitali, nao hawamo. Hivyo picha inayojengwa imekatwa pande zote mbili, na hakuna namna ya kujua kutoka humo ni sehemu gani ya wasiotibiwa hatimaye hupata udhaifu wa ugwe.

Kasoro hii haiondoi thamani ya maandishi hayo. Crockard na wenzake (1993) walifanya kazi muhimu kwa kuonyesha wagonjwa waliodhoofika ugwe polepole kutokana na mivunjiko ya jino. Onyo lao ni la kweli: kukosa dalili leo si dhamana ya kesho. Lakini onyo hilo linatokana na kuwatazama waliokwisha kudhoofika na kurudi nyuma hadi ajali. Haliwezi kugeuzwa kuwa utabiri kwa kila mwenye jino lisilounga.

Vilevile lipo tatizo la utambuzi. Mfupa mdogo wenye kingo laini, uliotengana na shina la aksisi, huweza kuhesabiwa kuwa kasoro ya kuzaliwa nayo. Fielding na wenzake (1980) walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa hali hiyo walikuwa na jino zima katika picha za awali, yaani mtengano ulitokea baada ya jeraha. Kwa hiyo wapo wagonjwa wa mvunjiko wa zamani waliofichwa chini ya jina jingine kabisa.

Kwa upande wa kinga, utafiti wa NEXUS (2000), uliohusisha wagonjwa 34,069 nchini Marekani, na kanuni ya Kanada ya shingo (2001) vimesaidia sana kuamua nani apigwe picha siku ya ajali. Vyote viwili vilitungwa kwa mgonjwa aliye katika chumba cha dharura. Kuvitumia kwa mtu anayekuja na maumivu ya miezi sita ni kukipima kitu kwa kipimo kisicho chake.

4.3 Kuunga kwa mfupa kama lengo

Msingi wa sehemu kubwa ya maandishi haya unafanana na methali yetu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfupa uliounga ni ushindi, usiounga ni kushindwa. Kwa kijana anayefanya kazi ya nguvu, msimamo huo una mashiko, kwa kuwa kiungo kisicho imara kina miaka mingi mbele ya kujeruhi ugwe. Kwa mzee, ushahidi unataka tahadhari.

Lennarson na wenzake (2000) walikuta kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa aina ya pili waliofungwa pete ya fuvu na fulana yake, hatari ya kutounga kwa waliofikisha miaka 50 ilikuwa mara 21 ya walio chini ya umri huo. Kundi lao lilikuwa dogo, lakini mwelekeo huo umeonekana kwingine pia. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi kila mzee apasuliwe. Hart na wenzake (2000), hata hivyo, waliwafuatilia wazee wachache wenye jino lisilounga na wasio na udhaifu wa ugwe, bila kuwapasua, na waliona kuwa kuangaliwa kwa makini ni njia inayokubalika. Kwa mzee dhaifu, tishu ngumu inayoshikilia jino bila mfupa huweza kutosha kwa maisha yaliyobaki, ilhali upasuaji, ganzi na wiki za kulala vinaweza kuyafupisha.

Pia maandishi hayasemi vya kutosha juu ya bei ambayo mgonjwa hulipa hata upasuaji unapofaulu. Kuunganisha atlasi na aksisi humwondolea takribani nusu ya mzunguko wa shingo. Dereva wa bodaboda hataweza kutazama nyuma kwa kugeuza kichwa pekee. Picha ya eksirei itaonyesha ushindi, na mgonjwa atakuwa amepoteza kazi. Hilo si sababu ya kukataa upasuaji pale ugwe unapotishiwa, bali ni sababu ya kumweleza mgonjwa kabla ya kuomba saini yake.

5.0 Maswali Manne ya Kuongoza Uamuzi

Kutokana na uhakiki huu, inapendekezwa kwamba swali la "muda gani umepita?" litanguliwe na maswali manne.

Swali la kwanza: je, ugwe uko salama? Mwendo, nguvu za mikono, mishtuko ya kano, haja ndogo na upumuaji vichunguzwe na kuandikwa. Kipimo cha MRI huonyesha kama ugwe umebanwa au umeanza kubadilika. Udhaifu unaoongezeka huondoa nafasi ya kusubiri.

Swali la pili: je, kiungo kinacheza? Picha za kuinamisha na kuinua shingo, mgonjwa akiwa macho, akijisogeza mwenyewe na chini ya uangalizi wa daktari, huonyesha mtengano ambao picha moja tulivu huuficha. Zisipigwe pale dalili za ugwe zinapoongezeka.

Swali la tatu: je, mfupa uliohama unaweza kurudishwa mahali pake? Kipimo cha CT huonyesha kama vipande vimeungana vikiwa vimepinda. Pale ambapo havijaungana, mvuto wa fuvu wa uzito mdogo unaoongezwa taratibu, pamoja na uchunguzi wa neva wa mara kwa mara, huweza kuvirudisha. Vikirudi, kiungo huimarishwa kutoka nyuma kwa skrubu na kipandikizi cha mfupa, baada ya kuchunguza njia ya ateri inayopita kwenye pingili. Visiporudi, zipo njia za kufungua viungo vya pembeni, ambazo Goel na wenzake huko Mumbai wamezieleza, na zipo za kuondoa mgandamizo kwa mbele kupitia kinywani. Hoja ya Goel ina uzito wa kinadharia: mengi yaliyoitwa yasiyorudishika hayakuwa yamefunguliwa bado.

Swali la nne: shingo hii ni ya nani? Umri, ugumu wa mifupa, magonjwa mengine, kazi na uwezo wa kurudi kliniki ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa. Kuangalia bila kupasua ni tiba iwapo tu pana tarehe ya kurudi, dalili za hatari zilizoelezwa kwa mgonjwa na jamaa zake kwa lugha wanayoielewa, na mahali panapojulikana pa kukimbilia. Bila hayo, kuangalia hugeuka kuwa kule kupuuza ambako maandishi yamekuwa yakimhesabia mgonjwa.

6.0 Hitimisho

Maandishi ya zaidi ya karne moja yametupa ujuzi wa kutosha wa kuimarisha shingo ya juu hata baada ya kuchelewa. Udhaifu wake hauko katika mbinu, bali katika namna yanavyomtaja mgonjwa na kumpanga. Yamekusanya njia nne katika neno moja, yamehesabu waliofika na kuzungumza kana kwamba ni wote, na yamepima mafanikio kwa mfupa kabla ya kuuliza juu ya maisha.

Inapendekezwa kwamba watafiti na waandishi wa Kiswahili waliache neno "kupuuzwa", na badala yake jalada liandikwe kwa kutofautisha: mvunjiko usiotambuliwa, mvunjiko wa mgonjwa aliyechelewa kufika, mvunjiko uliotambuliwa usiotibiwa, na mvunjiko uliotibiwa usiounga. Kila tasnifu itakayokusanya data mpya juu ya jambo hili ioneshe idadi ya kila kundi peke yake, pamoja na hali ya ugwe, ya kiungo na ya uwezekano wa kurudishwa siku mgonjwa alipofika. Hapo ndipo mtahini ataweza kuona kama matokeo yametokana na muda, na tiba, au na barabara ambayo mgonjwa alilazimika kuipita.